Kalamu nyekundu juu ya neno "ubaguzi": niliyoyaona nikiandika mihtasari ya vikao vya malalamiko kazini

#1 Karani wa Kikao (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Uzi huu ni mrefu na nimeuahirisha mara nyingi. Kilichonisukuma ni jambo la juzi. Nilishuka basi la mwendokasi Gerezani, hapa Dar, kwenye msongamano ule wa jioni, nikakutana uso kwa uso na mama mmoja tuliyewahi kufanya kazi pamoja. Alikuwa na ndoo ya maandazi. Alinisalimia vizuri, akaniuliza watoto hawajambo. Mimi ndiye niliyeshindwa kumtazama.

Kwa miaka tisa nilikuwa karani wa ofisi ya utumishi kwenye kiwanda kimoja kando ya Barabara ya Nyerere. Jina sitalitaja, na naomba asije mtu hapa kubahatisha. Kwenye vikao vya malalamiko kazi yangu ilikuwa kuandika muhtasari, basi. Sikuwa mjumbe na sikuulizwa maoni. Nilikaa pembeni na lile daftari la jalada gumu, naandika nani kasema nini.

Watu wakizungumzia upendeleo kwenye kamati hizi huwaza siku ya uamuzi: bosi kapiga simu, wajumbe wametishwa. Hayo yapo. Lakini kesi nyingi nilizoziona zilikuwa zimeshaamuliwa kabla kikao hakijakaa, na hakuna aliyempigia mtu simu. Ziliamuliwa mezani kwangu, siku ya kwanza, kwenye mstari mmoja wa daftari.

Huyu mama alikuwa laini ya kufungashia, mashine namba mbili. Waliokuwa pale walikuwa na posho ya uzalishaji juu ya mshahara. Akajifungua, akakaa likizo yake ya siku 84, akarudi. Siku aliyorudi alikuta nafasi yake ina mtu, yeye kapangiwa kufagia stoo ya maboksi. Mshahara uleule, posho hakuna. Akamfuata msimamizi wake, na hapohapo akaomba muda wa kunyonyesha, maana sheria inampa mama muda usiozidi masaa mawili kwa siku ndani ya muda wa kazi. Akajibiwa mbele ya wenzake: "Unataka kunyonyesha, kaa nyumbani. Laini haina kitanda."

Alikuja dirishani kwangu kama saa nne asubuhi. Blauzi ilikuwa imelowa maziwa sehemu mbili, amejifunika khanga kwa mkono mmoja, mkono wa pili anaandika fomu. Aliandika kwa herufi kubwa: NALALAMIKA KUBAGULIWA KWA SABABU YA UZAZI. Nikanakili kwenye daftari, safu ya aina ya lalamiko: ubaguzi.

Mchana mkuu wangu akapita kukagua daftari. Hakukasirika hata kidogo. Alitoa kalamu nyekundu, akakata neno "ubaguzi" kwa mstari ulionyooka, na juu yake akaandika "kutoelewana na msimamizi". Akaniambia kwa upole: "Ukiandika ubaguzi unaanzisha vita. Andika kutoelewana, tutayamaliza kifamilia." Siku ile nilimwona ni mtu wa busara.

Sasa tazameni neno lile lilifanya nini. Kutoelewana ni kwa watu wawili, na kila mmoja ana sehemu yake ya kosa. Lalamiko la ubaguzi lingewalazimisha wajumbe waulize: wanawake wengine waliotoka likizo ya uzazi walirudishwa wapi? Nani alipanga? Posho ilikatwa kwa msingi gani? Kutoelewana kuliwafanya waulize: wewe dada, ulimjibuje msimamizi wako? Ulipandisha sauti? Kwa nini hukumfuata faragha? Baadaye nilipokuwa nauchapa ule muhtasari kwa ajili ya jalada nilihesabu. Yeye aliulizwa maswali 17. Msimamizi aliulizwa manne, na moja kati ya hayo manne lilikuwa "una la kuongeza?"

Kuna jambo jingine, na hili ndilo linaloninyima usingizi. Msimamizi alikaa upande wa kamati. Hakuna aliyepanga iwe hivyo, ndicho kiti kilichokuwepo, na alimiminiwa chai kutoka chupa ileile ya wajumbe. Mama alikaa peke yake upande wa pili, akielekea dirisha la magharibi. Ilikuwa saa tisa, jua linampiga usoni, kila akijibu anafumba macho au anageuza shingo. Mjumbe mmoja akaniinamia: "Andika mlalamikaji anakwepa kuwatazama wajumbe." Nikaandika. Jua nililiona kwa macho yangu, na jua sikuliandika.

Sentensi ile ilinukuliwa kwenye uamuzi. Wote wawili walishauriwa kuheshimiana, na mama "kwa manufaa yake" akahamishiwa stoo moja kwa moja ili wasikutane. Msimamizi alibaki palepale. Mkataba wake mama ulipokwisha miezi mitatu baadaye haukuongezwa, wakati kila mwaka ulikuwa unaongezwa.

Nilipoacha kazi nilikaa na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya mwaka 2004. Niliifungua kifungu cha 7 nikakisoma zaidi ya mara moja, kwa sababu sikuamini kwamba nilifanya kazi utumishi miaka yote ile bila kukijua. Kinakataza ubaguzi wa moja kwa moja na usio wa moja kwa moja, na sababu zake kinazitaja: rangi, utaifa, kabila au mahali mtu anapotoka, dini, maoni ya kisiasa, jinsi, ujauzito, ndoa, majukumu ya familia, ulemavu, Virusi vya UKIMWI, umri, hali ya maisha. Kinasema kumnyanyasa mfanyakazi kwa sababu hizo nako ni ubaguzi. Kinamtaka kila mwajiri asajili kwa Kamishna wa Kazi mpango wa kukuza fursa sawa na kuondoa ubaguzi. Na kifungu cha 33 kinasema mama akimaliza likizo ya uzazi anaweza kurudi kazini kwa masharti yaleyale. Masharti yaleyale, wakuu. Posho ile haikupaswa hata kuwa mjadala.

Lakini kilichonishtua zaidi ni kifungu kidogo cha 8 cha hicho kifungu cha 7. Shauri likifika kwa mwamuzi au Mahakama ya Kazi, mfanyakazi anatakiwa aonyeshe kwanza dalili za kutosha kwamba kabaguliwa. Akishaonyesha, mzigo unahamia kwa mwajiri: yeye ndiye athibitishe kwamba ubaguzi haukutokea, au kwamba alichofanya hakikutokana na sababu zilizokatazwa. Waliotunga sheria walijua daftari la zamu, karatasi za malipo na majalada yote viko kwa mwajiri. Mama wa laini ya kufungashia angezitoa wapi?

Kamati yetu ilikuwa inafanya kinyume kabisa. Msemo ulikuwa "lete shahidi". Shahidi ni nani? Ni mwenzake wa laini ambaye zamu yake ya kesho inapangwa na msimamizi huyohuyo.

Kwa hiyo ninachokisema ni hiki: upendeleo huu upingwe pale unapozaliwa. Lalamiko liandikwe kwa maneno ya mlalamikaji mwenyewe, neno kwa neno, na yasikatwe na mtu mwingine. Kama kamati itaona si ubaguzi, iseme hivyo mwishoni na itoe sababu. Maswali yaanzie kwa aliyetoa uamuzi unaolalamikiwa. Na muhtasari asomewe mlalamikaji kabla haujasainiwa, apewe nafasi ya kuandika chini yake asichokubaliana nacho. Mama yule angepewa mistari miwili tu angeandika: nilikuwa napigwa na jua.

Kuhusu mwenyekiti: kanuni za utendaji bora zilizotoka kwa Tangazo la Serikali Na. 42 la 2007 zinasema kikao cha nidhamu kiongozwe na mtu wa uongozi asiyehusika na mazingira ya tuhuma. Najua hiyo ni kwa mfanyakazi anayeshtakiwa. Lakini kama anayeshtakiwa anastahili mwenyekiti asiye na upande, aliyekuja kulalamika anakosaje? Kwetu mwenyekiti alikuwa meneja uzalishaji, mtu aliyesaini ule mpango wa zamu.

Karibuni. Hasa waliowahi kukaa kwenye viti hivyo, cha kamati au cha dirishani.

#2 Zamu ya Usiku

Nimesoma mpaka mwisho nikiwa kwenye daladala ya Mbagala na nimepitiliza kituo.

Mimi niko kwenye hilo jambo sasa hivi. Sio uzazi, ni mguu. Nilipata ajali ya bodaboda, natembea na gongo. Kazi yangu ni ya kukaa, kuingiza oda kwenye kompyuta. Wamenitoa kaunta, wamenipeleka chumba cha nyuma, wakaajiri binti mwingine mbele. Nikiuliza naambiwa "tunakuonea huruma usisumbuke na wateja". Kamisheni ya wateja ilikuwa inanilipia chumba. Nimelalamika kwa mdomo mara mbili, naambiwa nishukuru bado nina kazi. Dada/kaka karani, mtu kama mimi anathibitisha vipi wakati wanaongea vizuri hivyo?

#3 Mtu wa Utumishi

Naomba nisemee upande wa pili, na nasema kwa heshima.

Niko kwenye kazi hii mwaka wa kumi na moja. Si kila lalamiko linaloandikwa ubaguzi ni ubaguzi. Nimeletewa "ubaguzi" na mtu aliyechelewa siku nane ndani ya mwezi akakatwa posho. Nimeletewa "udini" na mtu aliyenyimwa ruhusa siku ambayo watu wanne walishapewa. Msimamizi naye ni mfanyakazi, ana jina lake na familia yake. Ukishaandika kwenye daftari kwamba fulani ni mbaguzi, hata akishinda, kiwandani anaitwa hivyo mpaka anastaafu. Yule mkuu wako wa kalamu nyekundu huenda alikuwa anamlinda mtu, lakini huenda pia alikuwa anazuia moto. Tusiwafanye maafisa utumishi wote kuwa watu wa bosi.

#4 Karani wa Kikao

Mtu wa Utumishi, asante kwa kuja na hoja. Nilimpenda mkuu wangu, na mpaka leo naamini hakuwa na nia mbaya. Ndiyo maana nimeleta uzi huu. Kama angekuwa mtu mbaya ningesema tumwondoe yeye na mambo yataisha.

Kuhusu jina la msimamizi, nakubaliana nawe kwamba linahitaji ulinzi. Lakini daftari halikusema "fulani ni mbaguzi". Lilisema mlalamikaji analalamikia ubaguzi. Polisi wakiandika kwamba mtu ameripoti wizi hawajamhukumu yeyote kuwa mwizi, na hawabadilishi wizi ukawa "kutoelewana kuhusu simu". Kumlinda msimamizi ni kufanya uchunguzi wa kweli na kuuweka siri. Yule aliyechelewa siku nane, mahudhurio yake yanamaliza kesi ndani ya dakika tano, na yanaimaliza kwa haki, kwa sababu ulilichunguza lalamiko kama alivyolileta.

Zamu ya Usiku, pole sana. Huruma inaweza kuwa njia ya kumwondolea mtu riziki yake, nami nimeandika neno "huruma" kwenye mihtasari mingi mno. Usilalamike tena kwa mdomo. Nitarudi kwako, ila kuna mtu wa chama humu naona amesoma, yeye atajua zaidi.

#5 Mwisho wa Reli

Na mimi niweke langu.

Mimi ni Muha wa Kigoma, kule mpakani na Burundi. Ghalani nilikofanya kazi, kuanzia wiki ya kwanza msimamizi aliniita Mrundi. Tukipanga foleni ya nauli ananiuliza nimekuja na kibali cha kuishi? Watu wanacheka. Mwanzoni nilicheka nao. Ilipofika nafasi ya mkuu wa zamu, mtu niliyemfundisha kazi akapewa, na nilipouliza nikaambiwa "hii nafasi inataka mtu wa hapahapa".

Nikapeleka lalamiko la maandishi. Barua ya kuniita kikaoni ilinitaka nije na kitambulisho cha NIDA. Msimamizi hakuambiwa aje na chochote. Fikirini: nimekuja kulalamika kwamba naitwa mgeni nchini mwangu, na kamati inaanza kwa kunikagua uraia.

Halafu mwenyekiti akasema huu ni utani, Watanzania tunataniana, Wanyamwezi na Wazaramo wanataniana mpaka msibani. Nikamwambia mzee, mimi utani naujua, nimekulia ndani yake. Utani una pande mbili. Mtani akikufanyia vituko kwenye msiba wako, kesho kwake unamrudishia na hakuna wa kununa. Sasa mimi nimrudishie vipi mtu anayesaini mahudhurio yangu? Nikimtania siku moja naandikiwa barua ya kujieleza. Hakujibu. Muhtasari ulipotoka uliandika kwamba pande zote zimekubali yalikuwa maneno ya utani. Sikukubali. Sikuwahi kukubali.

#6 Tawi Hai

Mwisho wa Reli, kamati nyingi zinajificha kwenye hilo la utani. Swali wanalouliza ni "alikusudia ubaya?" Nia iko moyoni, nani ataipima? Swali linalopimika ni: maneno hayo yalihusu mahali unapotoka au hayakuhusu, na ulipoteza nini. Wewe ulipoteza cheo.

Mimi ni mwakilishi wa chama kazini, tawi dogo maeneo ya Chang'ombe. Na nianze kwa kukiri upande wetu: kuna viongozi wa matawi wanaopokea lalamiko asubuhi na mchana wamekwisha kumsimulia meneja. Wanachama wanalijua hilo, ndiyo maana hawaji. Mkiona tawi lenu liko hivyo, nendeni ofisi ya chama ya wilaya au ya mkoa.

Zamu ya Usiku, sikiliza dada yangu au kaka yangu. Umeuliza unathibitishaje. Ubaguzi mara nyingi hauonekani kwenye maneno, unaonekana kwenye kulinganisha. Tafuta hati zako za mshahara za miezi sita kabla ya ajali na tangu uhamishwe. Andika tarehe uliyohamishwa na nani alikwambia, kwa maneno gani, saa ngapi, nani alikuwepo. Mpangilio wa zamu ukibandikwa ukutani upige picha, wiki hii na wiki ijayo. Je, kuna mwingine asiye na gongo aliyewahi kutolewa kaunta bila sababu? Kama hakuna, hiyo ndiyo dalili ya awali aliyoisema mleta uzi. Wao ndio waeleze.

Na kuna Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010. Mwajiri mwenye watu 20 na kuendelea anatakiwa asilimia 3 yao wawe watu wenye ulemavu. Nimewahi kuitaja kwenye kikao, meneja akaniuliza kama nimeitunga.

Jambo la mwisho, wengi hawalitumii. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inampa mtu haki ya kuomba taarifa zake binafsi zinazoshikiliwa na taasisi. Muhtasari unaokusema wewe, tathmini yako, barua zako, omba kwa maandishi ukiitaja sheria hiyo. Hata wakikataa, kukataa kwao kuwe na tarehe na sahihi.

#7 Mtu wa Utumishi

Nimelala na uzi huu, nimeamka nao.

Leo asubuhi nilitoa mafaili ya malalamiko ya mwaka jana ofisini kwetu. Fomu yetu ina kisanduku cha "aina ya lalamiko" na chini yake imeandikwa "kijazwe na afisa". Sikuwahi kukifikiria. Ni mimi ninayejaza, kila siku. Nikaanza kusoma maelezo ya watu halafu natazama nilichojaza. Kuna dada aliandika kwamba tangu aolewe ameondolewa safari za mikoani kwa sababu "mume wake hatakubali", na hakuna aliyemuuliza huyo mume wala yeye. Mimi nilijaza: "mgawanyo wa majukumu". Ni mwandiko wangu.

Fomu nitaibadilisha, hilo liko ndani ya uwezo wangu. Kisanduku kijazwe na mlalamikaji mwenyewe na afisa asikiguse. Lakini mleta uzi, kama unamaanisha kwamba msimamizi ndiye ahamishwe badala ya mlalamikaji, hilo sikubaliani nalo moja kwa moja. Uchunguzi haujaisha, unamhamishaje mtu ambaye hajaonekana na kosa?

#8 Karani wa Kikao

Umenigusa. Huyo dada wa safari za mikoani bado yuko kazini? Kama yupo, hujachelewa kumwita.

Kuhusu kuhamisha, sijasema ahamishwe msimamizi kama adhabu. Ninachokataa ni mazoea ya kumhamisha aliyelalamika kisha kuandika "kwa manufaa yake". Wenzake wote wanaona: fulani kafungua mdomo, kesho yake yuko stoo. Baada ya hapo hutapata lalamiko jingine kwa mwaka mzima, na kwenye ripoti utaandika hali ni shwari. Kama lazima watenganishwe wakati wa uchunguzi, kuna njia nyingine: mtu mwingine asaini mahudhurio yake na apange zamu zake kwa wiki hizo mbili tatu. Msimamizi anabaki kwenye kazi yake, mkono wake tu ndio unaondolewa kwenye riziki ya aliyemlalamikia. Na kama mlalamikaji mwenyewe ndiye anayeomba kuhama, aandike yeye, kwa mkono wake, na posho yake imfuate.

#9 Dereva wa Foko

Wakuu naomba kueleweshwa. Mimi lalamiko langu liko kwenye kamati mwezi wa pili huu, naambiwa "subiri, meneja mkuu amesafiri". Nikisubiri kuna tatizo?

#10 Karani wa Kikao

Kuna tatizo kubwa, kaka, na hili naomba kila mtu alisome.

Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile CMA, ina muda wake. Kwa mujibu wa kanuni zake za mwaka 2007, mgogoro wa kuachishwa kazi unapelekwa ndani ya siku 30. Migogoro mingine yote, ubaguzi ukiwemo, ndani ya siku 60 tangu ulipotokea. Usitegemee kwamba kamati ya ofisini inasimamisha hizo siku. Nilikaa kwenye vikao vilivyoahirishwa mara tatu, mara nne, na sikuwahi kusikia mjumbe akimwambia mlalamikaji kwamba kalenda inatembea. Ukichelewa unaweza kuomba kuongezewa muda, lakini inabidi utoe sababu za msingi, na hapo barua zenye tarehe ndizo zinazokuokoa.

Unajaza fomu namba 1 ya Tume, unampa mwajiri nakala na kubaki na uthibitisho kwamba ameipokea, kisha unaiwasilisha Tume. Kwanza mnakaa na msuluhishi. Msipopatana ndani ya siku 30 unaweza kwenda kwenye uamuzi au Mahakama Kuu Divisheni ya Kazi. Na tangu 2021 sheria imeifanya lugha ya mahakama kuwa Kiswahili, kwa hiyo asikutishe mtu kwa Kiingereza.

Wenye mikataba ya muda: kifungu cha 36 kinatambua kwamba kutoongezewa mkataba, pale ulipokuwa na matarajio ya msingi ya kuongezewa, kunaweza kuhesabiwa kuwa kuachishwa kazi. Mama wa mashine namba mbili alikuwa na siku 30. Hakuna aliyemwambia. Mimi nilikuwa na simu yake.

Asiye na wakili aende Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, TAWLA (chama cha wanasheria wanawake) au WLAC (kituo cha msaada wa sheria kwa wanawake), wanatoa msaada wa kisheria hapa Dar. Na kama kinachotakiwa kwako ni mwili ili upate cheo au mkataba, hiyo ni rushwa ya ngono chini ya sheria ya 2007, usiipeleke kamati ya bosi wako peke yake. TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, wanapatikana kwa 113, bure.

#11 Zamu ya Usiku

Nimerudi. Nimeandika barua jana usiku, mwanangu kanishikia tochi, umeme ulikatika. Nimeandika neno lenyewe: nabaguliwa kwa sababu ya ulemavu. Hati za mshahara nimezipata zote sita za kabla, nimeambatanisha nakala. Leo saa tatu nimepeleka. Katibu muhtasi ameisoma, ameenda ndani, amerudi, amesema ataipokea ila hatasaini nakala yangu, "maagizo". Mikono ilikuwa inatetemeka nikaondoka. Nimefanya kosa?

#12 Tawi Hai

Hujafanya kosa. Sasa hivi, kabla hujala, chukua nakala yako uandike nyuma: leo tarehe fulani, saa tatu na dakika kadhaa, nimekabidhi barua hii kwa fulani mwenye cheo hiki, amekataa kusaini akisema ni maagizo. Weka sahihi yako. Kisha piga picha kurasa zote uitume kwa barua pepe ya ofisi na ya mkuu wako, maneno mawili tu: "Naambatanisha barua niliyokabidhi leo." Hiyo barua pepe ina saa na tarehe yake. Kesho ukirudi nenda na mwenzako mmoja akae tu aone.

Ulihamishwa tarehe ngapi?

#13 Zamu ya Usiku

Tarehe 3 mwezi uliopita. Nimehesabu kwenye kalenda ya ukutani, leo ni siku ya 41.

#14 Karani wa Kikao

Una siku 19. Usizisubirishe kamati. Fomu tuijaze wiki hii, na kama hutajali nitakusindikiza Tume. Siji kusema chochote, nitakaa nawe nikuandikie yanayosemwa.

#15 Zamu ya Usiku

Ijumaa natoka saa mbili asubuhi. Tukutane Gerezani, upande wa kutokea Mbagala. Nitakuwa na gongo, utanijua.